Kihamba, nyumba na jasho: mahakama inavyogawa mali ya ndoa

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Itifaki naomba tuihesabu imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo vya meza kuu muda wangu utaishia hapo.

Kina mama wa vikundi mliniomba nizungumzie mali: ndoa ikivunjika, nani anaondoka na nini. Kina baba mlioalikwa naona mmejazana safu za nyuma, karibu na mlango. Sogeeni tu. Sheria nitakayoieleza inasema mwanandoa, haisemi mwanamke, na nimeshawatetea wanaume wenzenu waliotolewa kwenye nyumba walizozijenga kwa mikono yao.

Mtu akiingia ofisini kwangu kwa shauri la ndoa, hata kabla hajakaa vizuri, huniambia: "Wakili, mimi nataka nusu yangu." Kaisikia redioni, kaisikia saluni, kaambiwa na shoga yake wa Pasua. Nami nalazimika kumvunja moyo kidogo mapema, kabla hakimu hajamvunja moyo kabisa.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma kwa juhudi zao za pamoja wakati wa ndoa. Kabla ya kugawa, mahakama imeagizwa itazame mambo manne: mila za jamii ya wanandoa wenyewe; mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi; madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili; na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo ndipo inaelekezwa ielemee upande wa usawa. Nusu, basi, ipo kwenye sheria, lakini imesimama mwisho wa foleni. Ukifika mahakamani ukaidai kana kwamba iko mbele, mwenzako atakuuliza swali moja tu: ulichangia nini? Ukinyamaza, umeshapoteza.

Wala si Tanzania peke yetu. Majirani zetu hapo Taveta, ukishavuka Holili, wana sheria yao ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitamka kwamba kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali, mchango uonyeshwe.

Sasa, mchango ni nini? Hapa kuna historia ambayo kila mmoja wenu anapaswa kuijua yote, maana wengi wanaijua nusu.

Baada ya sheria ya 1971 kutungwa, majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke, na wajibu hauhesabiwi kuwa mchango wa kuchuma mali. Wengine wakasema hapana, mume asingeweza kuchuma kama nyumbani pasingekuwa na mtu. Mvutano huo ulifika Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Alirudi kwenye swali la msingi: Bunge lilitunga sheria hii ili litibu ugonjwa gani? Akasema ugonjwa wenyewe ulikuwa ni unyonyaji na ukandamizaji wa wanawake walioolewa. Kwa hiyo neno "kazi" lililomo kwenye kifungu cha 114 lazima liingize na kazi za nyumbani. Tangu siku hiyo jambo hilo halibishaniwi tena. Mama wa nyumbani ana mchango kwenye mali ya ndoa.

Hiyo ndiyo nusu ya hadithi inayopendwa kwenye semina. Nusu ya pili ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, kisha ikaona kwamba alitapanya fedha alizopewa na mumewe, na kwamba kwa mwenendo huo alikuwa ameshaula mgao wake. Rufaa yake ikatupwa. Mama aliyewafungulia mlango wanawake wote wa nchi hii, mwenyewe alibaki nje. Binafsi naona alihukumiwa kwa ukali. Wanaume wangapi wamekunywa bei ya ng'ombe na bado wakapewa nyumba? Lakini ndiyo hukumu, na tangu hapo ubadhirifu wa mali ya familia unaweza kukupunguzia mgao, uwe mke au mume.

Hukumu zilizofuata zikaongeza jambo jingine: kazi za nyumbani ni mchango, sawa, ila si lazima ziwe asilimia hamsini. Ukubwa wa mchango ni suala la ushahidi. Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi, kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Hakimu hakujui. Hajawahi kukuona unaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la kwenda sokoni Kiboriloni. Anajua kile tu kilichosemwa mbele yake na kuandikwa kwenye jalada.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana huku kwetu mlimani ushahidi una upendeleo wake wa asili.

Fikirini kahawa na ndizi. Kwa desturi yetu kahawa ni ya baba. Inapimwa kwenye chama cha msingi, inaandikwa kwenye daftari kwa jina la baba, malipo yanatoka kwa jina la baba, stakabadhi inatunzwa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Ndizi ni za mama. Mama anakata mikungu, anabeba kichwani au anakodi pikipiki, anauza Mwika au Kiboriloni, ananunua mafuta ya taa, sabuni, daftari za watoto na nyama ya Jumapili. Jioni hela imekwisha na hakuna karatasi hata moja. Miaka ishirini baadaye wanafika mahakamani. Baba anatoa bahasha ya kaki. Mama anatoa machozi.

Mjini sura ni tofauti, mambo ni yale yale. Mume na mke wote wanafanya kazi, wamekubaliana kwa nia njema kabisa: mume ananunua kiwanja na saruji, mke analipa ada, chakula, umeme na dada wa kazi. Mpango mzuri, nyumba inasimama. Ndoa ikiyumba, risiti za saruji na nondo zipo, zina jina lake yeye. Ugali uliolika hauna risiti. Mahakama inaweza kuutambua mchango huo, na imewahi kuutambua, lakini lazima mtu aueleze. Aseme: mshahara wangu ulikuwa kiasi hiki, ada ilikuwa kiasi hiki na benki inaonyesha niliilipa mimi, kwa hiyo mshahara wa mwenzangu ukabaki mzima kwenda kwenye ujenzi.

Ndiyo maana ninawaambia wateja wangu wasiniletee sentensi ya "nilikuwa mke mwema." Niambie nyumba ilianza msingi mwaka gani. Mwenzako alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa machimboni Mererani, au njiani na lori kwenda Kongo? Nani alikuwa anakaa na mafundi? Nani aliwapikia, nani aliteka maji ya kumwagilia tofali, nani alikimbia dukani misumari ilipopungua? Fundi mwenyewe bado yupo? Aje aseme alikuwa analipwa na nani. Daftari la kikoba unalo? Kama ulikopa ukaezeka nyumba, tarehe ya mkopo na tarehe ya bati zikikaribiana, hakimu anaelewa bila wakili kupaza sauti. Taarifa ya miamala ya simu inapatikana kwa kampuni ya simu. Vitabu vyenu hivi vya vikundi, mnavyovichukulia kama vya kuandika faini tu, ni vielelezo. Katibu akikuandikia madhumuni ya mkopo kuwa "matumizi," mwambie aandike "kuezeka nyumba ya Njoro." Dakika moja ya ubishi inaweza kukuokolea miaka mitatu ya kesi.

Na wewe baba unayekaa nyumbani na watoto kwa sababu mama ndiye mwenye ajira, haya yote yanakuhusu vilevile. Usione aibu kuyasema.

Tuje kwenye jina la kwenye hati. Watu wanaogopa sana jina. Ni kweli, sheria inaanza na dhana kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja ni yake, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili ni yao sawa kwa sawa. Ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hati ya kiwanja yenye jina la mume peke yake haifungi mjadala. Kinachoufunga mara nyingi ni hati yenye jina la shemeji, au la mama mkwe. Mwanaume akinunua kiwanja cha Rau kwa jina la mdogo wake, mahakama haiwezi kumnyang'anya mdogo mtu mali yake bila kumsikiliza, nawe ndiwe utakayelazimika kuonyesha kwamba fedha ilitoka kwenye ndoa yenu. Inawezekana, lakini ni kupanda Kibo kwa ndala. Vivyo hivyo mali iliyoandikishwa kwa jina la kampuni. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, hata kama mkurugenzi wake mnalala naye kitanda kimoja.

Sasa kihamba. Hili ndilo swali nililojua litakuja hata kama lisingeandikwa kwenye barua ya mwaliko.

Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kinatoka kwa babu kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Makaburi yapo humo humo, nyuma ya migomba. Kimsingi mali ambayo mtu aliirithi, au aliyokuwa nayo kabla ya kuoa, si mali ya ndoa. Ndoa haibadilishi umiliki. Kwa hiyo mke anayekwenda mahakamani akaomba kihamba cha ukoo wa mumewe kikatwe vipande viwili, kwa kawaida atarudi bila kipande. Hapo na mila, ile ya kwanza kati ya mambo manne, itamkalia vibaya.

Lakini kifungu hichohicho cha 114 kina mlango wa pembeni. Kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgao ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, ama na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Kiasi kikubwa. Kupaka chokaa haitoshi, kupalilia msimu mmoja haitoshi. Kuondoa mibuni iliyozeeka na kupanda upya shamba zima, kuchimba kisima, kujenga nyumba ya tofali pale palipokuwa na ya udongo: hayo ni mambo ya kujadili na hakimu. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, inatambua kwamba mwanandoa aliyetia nguvu zake kwenye uzalishaji, utunzaji na uendelezaji wa ardhi iliyo kwa jina la mwenzake anakuwa na maslahi katika ardhi hiyo.

Kisha ipo ile ninayoiita nyumba ya Desemba. Mnaijua. Wanandoa wanaishi Dar es Salaam, wamepanga. Kila akiba inapanda mlimani: marumaru, madirisha ya alumini, geti, nyumba ya ghorofa Marangu au Kibosho ambayo taa zake zinawaka wiki mbili kwa mwaka. Mke ana mkopo wa kazini umeingia humo. Siku ndoa inavunjika, nyumba ndiyo mali pekee ya maana waliyonayo, na imekaa juu ya ardhi ya baba mkwe, mita chache kutoka kaburi la babu. Nani atamwambia mwanamke huyo aende akaishi chumba cha kushoto na mume cha kulia, mama mkwe akiwa jiko la nje?

Katika hali kama hiyo jambo la busara, na ndilo mahakama hulielekea, ni kutenganisha nyumba na udongo. Udongo unabaki kwa ukoo. Nyumba inathaminiwa na mthamini, mchango wa kila mmoja unapimwa, na anayebaki na nyumba anamlipa mwenzake thamani ya mgao wake kwa fedha. Ugumu unakuja pale baba mkwe anaposimama na kusema kihamba bado ni changu, sijamkabidhi mwanangu, na nyumba ni mimi niliyejengewa na watoto wangu. Akiaminiwa, mali ya ndoa imeyeyuka. Ndiyo maana ninasema, na najua sitapendwa na wazee: kabla hujapeleka hata lori moja la mchanga kwenye kihamba, omba kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, usainiwe, useme mtoto fulani na mkewe wamepewa sehemu ile kutoka mti ule hadi mfereji ule, wajenge. Wazee wakikataa kuandika, umepata jibu lako. Nunua kiwanja mjini.

Kuna wale ambao hawakufunga ndoa. "Tulianza tu." Sheria inawafikiria. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulika na jamii kuwa mke na mume, inadhaniwa ni wanandoa, na mahakama inaweza kutoa nafuu, ikiwemo ya mali waliyochuma. Angalizo kubwa kwa mkoa wetu wenye makanisa mengi: dhana hiyo haisimami ikiwa mmoja wenu ana ndoa ya kikristo ambayo bado iko hai. Unaishi na baba wa watu Majengo mwaka wa kumi na tano, cheti chake cha ndoa kiko parokiani na mke wake yuko Rombo. Kwa sheria ya ndoa wewe huna ndoa hata ya kudhaniwa. Kila mnachonunua kiandikwe jina lako.

Kwa utaratibu sitawachosha. Unaanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, liwe la kata, la kanisa au la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kusema limeshindwa, na kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka bila hati hiyo. Baraza haligawi mali. Shehe akitoa talaka hagawi mali. Kikao cha ukoo kikisema "mama achukue sofa na kuku," hicho si mgao wa kisheria. Anayegawa ni mahakama, na inagawa pale tu inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Shauri linaweza kuanzia hata Mahakama ya Mwanzo. Nawasemea hasa Wakatoliki, wanaoniambia wakili mimi siwezi kuomba talaka, dhamiri hainiruhusu: amri ya kutengana inatosha kufungua mlango wa mgao. Wengi hawalijui, wanakaa miaka kumi wametengana kienyeji huku mali inauzwa kipande kwa kipande.

Kuhusu kuuza. Nyumba ya familia, wakati ndoa ipo, haiuzwi, haiwekwi rehani wala kugawiwa mtu bila ridhaa ya mwanandoa mwenzake. Ukisikia harufu ya dalali, wahi kuweka zuio la tahadhari kwa msajili wa hati au uiombe mahakama. Na ukiletewa karatasi za benki usaini, zisome. Sahihi yako ya ridhaa ikishakuwa pale, nyumba ikipigwa mnada hutasikilizwa kwa kusema uliambiwa ni fomu ya bima.

Madeni yanahesabiwa pia. Nyumba ya milioni themanini yenye deni la milioni ishirini lililotumika kuijenga, kinachogawanywa ni thamani ya sitini. Deni la mtu aliyekopa akacheza kamari ni lake mwenyewe.

Ugoni? Mnaulizia sana. Mahakama haigawi mali kama fimbo ya kumchapa mzinzi. Aliyetembea nje anaweza kuwa sababu ya ndoa kuvunjika, na sheria inaruhusu kumdai fidia yule aliyezini na mwenzako, lakini tofali alizonunua haziyeyuki kwa sababu alilala kwingine. Ila kama alimjengea huyo wa nje kwa fedha za familia, hilo ni jambo la mali, lilete na ushahidi wake.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Mwenye shauri Zanzibar afuate utaratibu wa huko.

La mwisho ni hukumu yenyewe. Wengi wakishashinda hurudi nyumbani wakapika pilau, karatasi ikawekwa kabatini. Hukumu peke yake haihamishi jina la kwenye hati. Omba nakala mapema, uulize karani siku hiyohiyo muda wa rufaa unaishia lini, kisha urudi mahakamani kukaza hukumu kama mwenzako hatekelezi. Ukipewa kiwanja, kamilisha uhamisho kwenye ofisi ya ardhi. Kama huna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu, na wasaidizi wa kisheria wapo hapa mjini na hadi kwenye kata za mlimani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali ya jumla tuyachukue hapa kwenye maiki. La kesi yako mwenyewe usilitaje mbele ya watu, shemeji zako wamo humu ndani. Nitakuwepo hadi saa kumi, niko na kijana wangu pale ubaoni. Njoo na ulicho nacho, hata kama ni daftari la kikoba lililomwagikiwa chai.